Pawatila isiyo na injini: jinsi ya kukadiria bei ya haki kabla hujatoa hela

Ukipita Igunga, Nzega, Urambo au hata pembezoni mwa Tabora mjini, hukawii kukuta pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mishikio, imeegeshwa chini ya mwembe, mishikio imegeukia ukutani, na mahali pa injini pamebaki matundu manne ya bolti. Nyingi za mashine hizi ziliingia mikoani miaka ya Kilimo Kwanza, kaulimbiu iliyozinduliwa 2009. Injini yake ya dizeli ya silinda moja ni ya ukoo uleule na zile zinazozungusha mashine za kusaga, kukoboa na kuvuta maji, kwa hiyo mwenye nayo akibanwa, injini ndiyo inayotangulia kuondoka. Mwili unabaki. Siku moja anatokea dalali na kusema, "Kaka, ipo pawatila hapa, haina injini tu, nakufanyia bei nzuri."

Hilo neno "tu" ndilo linaloumiza watu. Muuzaji anataka uchukue bei ya mashine nzima, utoe bei ya injini, umpe kinachobaki. Hesabu hiyo ina makosa mawili. Kwanza, inachukulia kwamba kilichobaki ni kizima, na mashine iliyokaa bila injini haijathibitishwa na mtu yeyote. Pili, inasahau vitu vidogo vinavyoondoka pamoja na injini, ambavyo gharama yake ikijumlishwa si ndogo hata kidogo.

Msimamo wangu ni huu: ukinunua pawatila isiyo na injini, unanunua giaboksi, yaani kasha la gia. Injini utaipata, mpya au iliyotumika, Tabora, Mwanza au Kariakoo. Tairi utapata, visu utapata. Giaboksi iliyokatika meno ndani au iliyopasuka mwili ndiyo itakayokufanya uitupe mashine yote. Kwa hiyo pesa zako na muda wako wa ukaguzi vielekeze huko.

Kabla hujaenda kuiona, jua unaitakia nini

Bei ya haki kwa mkulima wa mpunga si bei ya haki kwa mbeba mizigo, ingawa mashine ni moja. Anayelima majaruba anahitaji rotaveta nzima, yaani kile chombo cha nyuma chenye visu, na ikiwezekana magurudumu ya chuma ya kwenye matope. Anayetaka kufunga tela abebe maji, kuni, tofali au magunia hana haja na rotaveta, lakini breki, klachi na shafti za magurudumu kwake ni uhai. Kama wewe ni wa tela, usilipie rotaveta nzuri kama vile utaitumia. Ama iingize kwenye hesabu kwa bei utakayoweza kuiuzia, ama mwambie muuzaji abaki nayo na ashushe bei.

Kisha ulizia bei nne, na usianze mazungumzo yoyote kabla hujazipata: bei ya pawatila iliyotumika ya aina hiyohiyo, nzima, inayolima leo, bei ya injini inayoendana nayo, bei ya chuma chakavu kwa kilo hapo mjini, na nauli ya kuisafirisha mpaka kwako. Bei ya mashine nzima usimuulize dalali mmoja. Waulize wakulima wawili watatu walionunua karibuni, na uliza walilipa ngapi, si waliambiwa ngapi.

Uliza injini ilikwenda wapi

Swali hili linaonekana la umbea, lakini jibu lake linaweza kubadilisha bei kuliko kufungua bolti kumi. Salimia vizuri, kaa, usikimbilie mashine. "Shikamoo mzee. Hii injini yake ilipata nini?" Halafu nyamaza usikilize.

Akisema ilitolewa ikiwa nzima ikafungwa kwenye mashine ya kusaga, hiyo ni habari njema, maana giaboksi ilisimama ikiwa inafanya kazi. Uliza ilitolewa mwaka gani. Mashine iliyokaa masika mawili nje imeingiza maji kwenye klachi na labda kwenye giaboksi. Akisema injini ilikufa kwa kukosa oili, shtuka. Mtu aliyesahau oili ya injini, ambayo kuikagua ni dakika moja, hakukumbuka oili ya giaboksi wala grisi ya rotaveta. Akisema iliibiwa, uliza kama taarifa ilifika kwa mwenyekiti au polisi. Na akikosa jibu kabisa, akaanza kusema "mimi nimeikuta hivi", inawezekana mashine si yake. Hilo nitalirudia chini.

Uliza pia ilikuwa ikifanya kazi wapi. Pawatila ya majaruba ya Igunga au Nzega inaumwa sili (mipira inayozuia oili kutoka na uchafu kuingia) na beringi, kwa sababu matope laini hupenya penye upenyo wowote. Pawatila ya mashamba ya kichanga ya Urambo na Sikonge inaumwa visu, maana mchanga unasaga chuma kama msasa. Iliyokuwa ikivuta tela inaumwa klachi, breki na gia za mwendo wa kasi. Ukijua historia unajua pa kuanzia.

Vifaa vya kwenda navyo

Spana, bisibisi, tochi, chaki, futi ya chuma, sumaku (hata ile ya spika iliyoharibika inafaa), chupa ya plastiki angavu, nyundo ndogo na kipande cha kamba ya mita mbili. Kama unaweza, nenda na fundi, ila mlipe wewe. Fundi anayelipwa na dalali akitokea pale, msikilize, lakini neno lake usiliingize kwenye hesabu.

Kupima giaboksi bila injini

Hapa kaa sana. Muombe mwenye mashine mwiinue muiweke juu ya magogo au mawe, magurudumu yote mawili yawe hewani. Akikataa, maliza mazungumzo kwa heshima uondoke. Mashine isiyoruhusiwa kuinuliwa haina bei.

Anza na oili. Legeza bolti ya kumwagia chini ya giaboksi, kinga kiasi kwenye chupa yako, kisha funga. Usiitazame haraka. Iache itulie wakati unakagua vingine, halafu inyanyue juani. Oili nyeusi iliyozeeka si tatizo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, na maji maana yake ni sili mbovu na pengine beringi zilizoshika kutu. Kama maji yametengana chini ya chupa na oili iko juu, yaliingia na kutulia muda mrefu bila mashine kufanya kazi. Chovya sumaku. Ungaunga mwembamba mweusi unaonata ni uchakavu wa kawaida wa meno. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni jino lililovunjika, na hapo unaongea bei ya chuma chakavu mpaka giaboksi ifunguliwe mbele yako. Kama hakuna oili kabisa, au imewekwa mpya asubuhi hiyo, muombe afungue kifuniko cha juu uingize tochi. Meno mazima yana ncha bapa. Yaliyoisha huwa makali kama meno ya msumeno.

Sasa zungusha. Weka alama ya chaki kwenye puli kubwa ya klachi (ile inayozungushwa na mikanda ya injini) na nyingine kwenye gurudumu. Ingiza gia ya kwanza, zungusha puli kwa mkono, hesabu puli inazunguka mara ngapi mpaka gurudumu lizunguke mara moja. Andika. Nenda gia ya pili, ya tatu, kisha badilisha kutoka mwendo wa polepole kwenda wa kasi, urudie zote, na rivasi usiiache. Aina nyingi za Kichina zina gia sita za mbele na mbili za nyuma. Namba yenyewe si muhimu sana. Muhimu ni kwamba kila gia itoe namba yake, na ukirudia upate ileile. Gia mbili zikitoa namba moja, au moja isishike kabisa, foki ya kubadilishia (chuma kinachosogeza gia) imeisha au imepinda. Wakati unazungusha, mkono wako ndio sikio. Puli ikienda laini kisha ikakwama kidogo sehemu moja kila mzunguko, kuna jino lililoumia au beringi iliyokula kutu. Mkwaruzo mdogo wa mfululizo ni ukavu, na oili mpya huenda ikautuliza.

Pawatila nyingi za aina hii hazina difu, zile gia zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Zinakata kona kwa vishikio viwili, cha kushoto na cha kulia. Endelea kuzungusha puli huku mwenzako akivuta kishikio cha kushoto: gurudumu la kushoto lisimame, la kulia liendelee. Akiachia, la kushoto lishike tena bila kuruka. Fanya na upande wa pili. Kama halijitengi, inaweza kuwa ni kebo tu iliyoshika kutu, kwa hiyo ifuatilie kebo kabla ya kuilaumu giaboksi. Kama halishiki tena likishajitenga, au linashika na kuachia, tatizo liko ndani.

Klachi ipime kwa kamba. Shusha mashine, zuia magurudumu kwa mawe, ingiza gia, weka klachi kwenye kushika. Zungushia kamba kwenye puli mara mbili tatu uvute kwa nguvu zako zote. Puli isisogee zaidi ya ule mchezo mdogo wa meno. Ikiteleza kwa mkono wa mtu, kwa injini itateleza zaidi, na diski zinahitaji kubadilishwa. Kisha weka klachi kwenye kuachia: puli izunguke yenyewe bila kubeba magurudumu. Mashine iliyosimama nje muda mrefu mara nyingi diski zake zimegandana kwa kutu, na puli haiachii. Hilo linarekebishika, lakini liandike, lina bei.

Mwisho wa giaboksi, gonga mwili wake wote polepole kwa nyundo. Chuma kizima kinalia. Penye ufa sauti inakufa. Angalia pembeni ya viti vya beringi na kwenye masikio ya bolti. Mwili wa giaboksi ni chuma cha kuyeyusha, na chuma hicho kuchomelewa kwa mashine ya kawaida ya gereji ya mtaani mara nyingi hupasuka tena jirani na mshono. Mshono kwenye sikio la bolti naweza kuuvumilia. Mshono unaopita kwenye kiti cha beringi siuvumilii. Hapo mimi huchukulia giaboksi haipo.

Fremu, na injini utakayoifunga

Wengi wanadhani injini yoyote ya dizeli itakaa. Pima kwa futi umbali kati ya matundu ya bolti za injini, urefu na upana, uandike. Hesabu mifereji ya mikanda kwenye puli ya klachi, maana puli ya injini nayo lazima iwe na mifereji idadi hiyohiyo na upana huohuo. Soma kibao cha mtengenezaji kama bado kipo, kinataja nguvu na mizunguko ya injini ya asili. Ukienda dukani na vipimo hivyo, muuza injini atakuhudumia kwa dakika tano badala ya kukuuzia alichonacho.

Mizunguko ndiyo watu wanaisahau. Injini ya S195, inayofungwa sana kwenye pawatila za Kichina, inatoa hosipawa 12 kwa mizunguko 2000 kwa dakika. R180 ni ndogo zaidi na inazunguka 2600. Ukiiweka R180 kwa puli ileile ya S195, giaboksi na visu vitazunguka kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 30, huku nguvu ikiwa imepungua. Njia ya kukokotoa ni rahisi: zidisha kipenyo cha puli ya zamani kwa mizunguko ya injini ya zamani, ugawe kwa mizunguko ya injini mpya. Kama puli ya zamani ilikuwa milimita 130, basi 130 mara 2000, gawa kwa 2600, unapata milimita 100. Puli hiyo ikikosekana madukani, fundi wa kuchonga vyuma ataichonga, na gharama yake inaingia kwenye karatasi yako.

Kwa hesabu hiyohiyo utaona kwa nini injini ndogo za petroli za pampu ya maji, zile za mizunguko 3600, hazifai hapa, ingawa zinatangazwa sana. Puli ingetakiwa iwe kama milimita 72, na mkanda mnene unaopindwa kwenye puli ndogo kiasi hicho unateleza na kukatika mapema. Kuna na jambo la uzito. Injini ya dizeli ya asili ina zaidi ya kilo 100, na imewekwa mbele makusudi ili ilingane na rotaveta ya nyuma. Ukiweka injini nyepesi, mashine inakaa na mkia mzito, na wewe ndiye utakayebeba tofauti hiyo kwa mabega siku nzima shambani. Muuzaji akikwambia "utafunga yoyote", mjibu kwa vipimo.

Fremu yenyewe itazame kwenye matundu ya bolti na kona za kushonea. Injini ya silinda moja inatikisa, na bolti zikilegea matundu hugeuka mviringo wa yai. Hilo linajazwa na kutobolewa upya bila shida kubwa. Fremu iliyopinda ni tatizo zaidi, kwa sababu puli mbili hazitakaa mstari mmoja na mikanda itakuwa inaruka kila siku.

Vilivyoondoka na injini

Vitafute kimojakimoja: puli ya injini, mikanda, kifuniko cha mikanda, bolti nne za kufungia, kishikio na kebo ya mafuta. Anayeuza injini kwa mwenye mashine ya kusaga humpa na puli, kwa hiyo mara nyingi puli haipo. Uliza kama ipo stoo. Nimeona mara nyingi puli inapatikana ndani kwa mama mwenye nyumba, imetumika kuzuia mlango, na inaongezwa bure kwenye mauzo kwa sababu tu mnunuzi aliuliza.

Rotaveta na tairi

Vitazame lakini visikutishe wala visikulevye. Shika shafti ya visu uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Angalia pembeni, pale mnyororo unapokaa ndani ya kasha lake: kama kuna oili iliyochanganyika na udongo mkavu kuzunguka sili, ilikuwa inavuja. Visu vyenyewe vikilinganishwa na kipya vikawa vimebaki nusu ya upana, vihesabu vyote vya kununua, si baadhi, maana kuchanganya virefu na vifupi kunaifanya mashine irukeruke. Kumbuka vipo vya kushoto na vya kulia. Viti vya visu vilivyochomelewa ovyo ni kazi zaidi ya visu vyenyewe.

Tairi zake kwa kawaida ni 6.00-12. Tairi iliyokaa juani bila upepo hupasuka ubavuni hata kama meno yake bado marefu, kwa hiyo usitazame meno peke yake. Toa mguu wa rimu kwenye udongo uangalie kutu ya chini. Tikisa kila gurudumu: likicheza pamoja na shafti ni beringi, likicheza juu ya shafti ni kitovu chake kimeisha, na hicho ndicho kigumu zaidi kukipata.

Hesabu yenyewe

Sasa una karatasi yenye orodha. Nitakupa mfano wa kukokotoa. Namba hizi si bei za soko, ni za kuonyesha njia. Wewe weka zako ulizoziulizia.

Tuseme pawatila ya aina hiyo, iliyotumika lakini inalima leo, inauzwa shilingi 4,000,000. Injini iliyotumika, iliyopimwa, ni 1,200,000. Puli, mikanda, bolti, kebo na kazi ya kufunga, 250,000. Matengenezo uliyoyaona kwa macho, yaani sili, oili, visu vyote na tairi moja, 400,000. Usafiri, 150,000. Jumla ya hizo ni 2,000,000. Ukitoa kwenye 4,000,000 unabaki na 2,000,000.

Muuzaji angependa uishie hapo. Usiishie. Bado kuna vitu viwili. Cha kwanza ni kile ambacho hukukiona. Umezungusha giaboksi kwa mkono, hujaipima ikiwa na mzigo, na hakuna njia ya kufanya hivyo bila injini. Weka pembeni gharama ya kuifungua na kubadilisha beringi, tuseme 400,000. Ukaguzi ukiwa safi sana unaweza kuipunguza. Ukiwa na mashaka, iongeze. Cha pili ni jasho lako. Mwisho wa safari ukiwa umetumia 4,000,000 kamili, umefanya nini zaidi ya yule aliyenunua nzima akalima kesho yake? Safari za kutafuta spea, wiki za kungoja fundi na msimu unaoweza kukupita vina thamani. Mimi naweka asilimia kumi ya bei ya mashine nzima, hapa 400,000. Unabaki na 1,200,000. Hicho ndicho kikomo chako, kiandike chini ya karatasi kabla hujafungua mdomo kuhusu bei.

Upande wa pili, tafuta chini kabisa ambapo muuzaji hawezi kushuka. Kila kitu kinachouzika peke yake kipe bei: rotaveta kama ilivyo 300,000, tairi moja nzima na rimu mbili 150,000, chuma kilichobaki kilo 150 kwa 800, yaani 120,000. Jumla ni 570,000. Ukitoa chini ya hapo unamwambia akauze vipande, na akiwa na akili atafanya hivyo. Bei ya haki iko kati ya 570,000 na 1,200,000, na giaboksi ndiyo inayoamua isogee upande gani. Ikiwa safi kwenye oili, gia zote na klachi, nenda karibu na juu bila kinyongo. Ikiwa na gia isiyoshika, kaa karibu na chini. Ikiwa imepasuka kwenye kiti cha beringi, sahau kikomo cha juu, nunua kama vipande au acha.

Kama tayari una injini nyumbani, iliyotoka kwenye mashine ya kusaga kwa mfano, usiihesabu bure. Ihesabu kwa bei ambayo ungeiuzia leo. Ukiiweka kama sifuri utalipa mwili bei kubwa, halafu utashangaa kwa nini kazi hailipi.

Wakati wa kununua

Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Septemba na Oktoba kila mtu anatafuta mashine, na hata isiyo na injini inapanda kwa sababu mnunuzi anaota msimu ujao. Kuanzia Januari hali inageuka: ada za shule zinadai, akiba ya chakula imepungua, pesa ya mavuno bado, na hakuna anayeweza kununua mwili, kuutengeneza na kuwahi kulima msimu huohuo. Hapo ndipo mwenye fedha taslimu anasikilizwa. Lakini mwenye shida usimkamue. Karatasi yako ina bei ya chini ya haki, iheshimu hata kama mtu yuko tayari kushuka zaidi. Tabora si kubwa kiasi hicho, na kesho utamhitaji mtu huyohuyo akuambie spea inapatikana wapi.

Mazungumzo na makaratasi

Mwonyeshe karatasi. Sipendi ule mtindo wa kuponda mashine ya mtu ili ashuke. "Mzee, hii mashine mmeitunza, giaboksi nimeipenda. Ila tazama, visu hivi hapa, tairi hii, na puli haipo. Injini na kuifunga vinanifikisha hapa." Mtu akiona namba zake zimeandikwa moja moja, hubishana na namba, hakasiriki. Yeye naye anaweza kukurekebisha, kwa mfano akajua duka la Mwanza linalouza visu kwa bei ya chini kuliko uliyoandika. Ikubali, badilisha hesabu.

Umiliki ni suala zito zaidi kuliko bei. Pawatila nyingi zilinunuliwa na vikundi vya wakulima, skimu za umwagiliaji au kwa mikopo kupitia vyama vya msingi. Mtu mmoja anayekaa nayo uani si lazima awe mwenye mali. Kama ni ya kikundi, dai muhtasari wa kikao uliosainiwa, unaosema wanachama wamekubali kuuza na nani anapokea fedha. Kama ilinunuliwa kwa mkopo, dai karatasi ya kumaliza deni. Kama ni ya marehemu, zungumza na msimamizi wa mirathi, si na mtoto wa kwanza aliyekupokea getini. Mwandikiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, mkataba utaje namba iliyogongwa kwenye giaboksi, orodha ya vinavyoambatana, neno "haina injini", kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na namba za vitambulisho vya wote wawili. Namba ya giaboksi ikiwa imesagwa kwa msasa, usinunue hata kwa bei ya kilo.

Ya dalali yaishe siku hiyohiyo na yajulikane nani anamlipa. Akitaka kulipwa na pande zote mbili, weka fungu lake kwenye usafiri na literemshe kikomo chako.

Siku ya kuichukua

Nenda na chaki yako ileile. Hakikisha alama ulizoweka kwenye puli na gurudumu bado zipo, na kwamba tairi, rotaveta na kebo ni zile ulizokagua, kwa sababu mwili unaolala uani wiki nzima huweza kuvuliwa vitu. Kabla ya kupakia kwenye kirikuu au guta, weka gia huru, funga mishikio kwa kamba isipindike, na fungua visu vya nyuma kama vitagusa sakafu ya gari. Ikifika, mwaga oili yote ya giaboksi hata kama ilionekana nzuri, isuuze kwa dizeli kidogo huku ukizungusha puli kwa mkono, kisha mwaga, ujaze oili ya gia mpya mpaka kwenye alama. Fanya hivyo kabla hujaenda kununua injini, maana ukizungusha tena gia zote baada ya kusuuza ndipo utakapojua kama zile 400,000 ulizoweka pembeni kwa ajili ya giaboksi zibaki mfukoni au ziende kwa fundi.